Jenifa Hachoki

Wilibrodi wa Kaengesa alijaliwa ulimi, na ulimi ndio uliomponza. Mkewe Jenifa alipoanza kusinzia mchana, uso umemvimba na sauti imemkauka, yeye hakuuliza anaumwa nini. Siku moja ya ujima, watu wameshapalilia na wamekaa kunywa pombe ya ulezi, akamwona mkewe amejiegemeza ukutani, akasema kwa sauti, "Mimi wenzenu nilioa gogo." Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Basi Jenifa akawa Mama Gogo kijiji kizima, na aliyembatiza ni mumewe mwenyewe.

Ikapita miaka ndipo daktari wa Sumbawanga akampima damu. "Mvivu ni tezi ya shingoni, baba," akamwambia Wilibrodi. "Mama wa watu ni mgonjwa." Jenifa akaanzishiwa vidonge, anameza kimoja kila asubuhi kabla ya kula, na uvimbe ukapungua. Wilibrodi aliona aibu. Lakini kuomba radhi, aa, hilo hakujua linaanzia wapi.

Leo wameitwa tena mjini. Nesi Husna, binti mdogo mwenye adabu zake, akawaamkia shikamoo, akaeleza kwamba wanawauliza wagonjwa wa tezi wanaishije tangu waanze dawa.

"Majibu ya damu ya mama yametoka vizuri," akasema. "Lakini damu haijui kama mama anafurahi au anajikokota. Akisema bado anachoka, daktari atamwangalia upya. Haya mama, unachoka?"

"Sichoki, mwanangu. Namshukuru Mungu."

"Unaamka mwili mzito?"

"Naamka mwepesi."

Uongo mtupu. Juzi tu Wilibrodi alimkuta amekaa njiani, ndoo ya maji pembeni, macho kayafumba. Sasa akamgusa mkewe bega. "Mama Kasmir, sema ukweli. Unachoka."

Jenifa akamtazama, wala hakuwa na hasira. "Nikisema nimechoka, jioni utaniitaje?"

Husna akainamisha macho. Wilibrodi, aliyezoea kuchekesha kilabu kizima, akauondoa mkono wake begani kwa mkewe. Akaelewa kuwa anayemziba mama huyu mdomo ni yeye. Akanyanyuka, akatoka, akakaa kwenye benchi nje ya mlango na kutega sikio.

"Sasa tumebaki wawili, mama," ikasikika sauti ya Husna. "Unachoka?"

Sema, mke wangu, Wilibrodi akaomba moyoni.

"Sichoki, mwanangu."

Basi, daktari hakuitwa. Wakapewa vidonge vilevile, wakashika njia ya stendi. Jenifa akatangulia, kikapu kichwani, anatembea upesi upesi huku anahema. Anamwonyesha nani? Anamwonyesha mumewe. Wilibrodi akaomba apokee kikapu, akakataliwa. Akasema wapumzike, akajibiwa kwamba hakuna aliyechoka. Machozi yakamlengalenga mwanamume mzima. Laiti lile neno lingerudi, angelimeza pamoja na pombe yake.

"Mama Kasmir," akasema, "mimi ndiye niliyechoka. Nionee huruma, tukae kidogo."

Hajamaliza kusema, Jenifa alishakaa chini kwenye majani, kaegemea kikapu, usingizi umemchukua.