Mkate wa Karatasi

Saa tisa za alasiri, tarehe ishirini na nne Disemba, Halina alikuwa kitako uani akimenya bitiruti, viganja vimemwiva wekundu mpaka vifundoni, na wifi yake Maisara alikuwa kando akipaa magamba ya samaki, changu wanne walionunuliwa asubuhi. Paka alikaa katikati yao akingoja haki yake. Juu ghorofani, kakake Halina, Zbigniew, alikuwa akibadilisha shati la tatu tangu kupambazuke, maana joto la Mombasa lilikuwa limemshinda. Watu wa mtaa walikwisha kulifupisha jina lake, wakamwita Bwana Zibi. Alikuwa na siku tatu katika nyumba ile, na katika siku hizo tatu alikuwa hajamwambia dadake neno hata moja.

Si kwamba alikuwa bubu. Akitaka maji alimwambia paka, kwa Kipolandi, na Halina akamjibu paka kwa lugha iyo hiyo kwamba maji yamo kwenye jagi la buluu. Asubuhi paka aliarifiwa kuwa usingizi haukuja kwa sababu ya mbu, na Halina akamweleza paka mahali chandarua kilipofungwa. Maisara hakujua Kipolandi, lakini ugomvi aliujua. Alikuwa ameolewa mara mbili.

Nyumba yenyewe i nyuma ya barabara ya Ndia Kuu, kuta za mawe nene na ngazi nyembamba inayomlazimu mtu mnene apande kwa ubavu. Halina aliingia humo mwaka wa themanini na nane, mke wa Abdulhalim, aliyekwenda Polandi kusomea mitambo ya meli akarudi na cheti na mchumba. Abdulhalim alikufa miaka sita iliyopita. Hawakujaaliwa watoto. Halina alibaki na wifi yake, na hakuna aliyewahi kumwuliza atarudi lini kwao, isipokuwa watu wa kwao.

Kila mwaka tarehe hiyo, mkesha wa Krismasi, aliandaa karamu ya nyota kama mamake alivyoiandaa. Vyakula kumi na viwili, hata kimoja kisiwe na nyama. Majani makavu chini ya kitambaa cha meza, aliyoyanunua Makupa kwa muuza malisho ya mbuzi. Mtu mmoja juu ya sakafu ya paa akiitazama mbingu, na nyota ya kwanza ikionekana, watu huketi. Kabla ya kula humegeana mkate mweupe, mwembamba kama karatasi, kila mmoja akimega kipande katika mkate wa mwenzake na kumwombea heri, na wakishamegeana hakuna kinyongo kinachoruhusiwa kubaki. Maisara aliuita mkate wa karatasi na hakuona utamu wake, lakini kila mwaka aliumega na kumwombea wifi yake afya.

Tena lazima pawe na kiti kimoja na sahani moja zaidi, kwa ajili ya mgeni asiyetarajiwa. Katika miaka yote hiyo mgeni alikuja mara moja tu. Aliitwa Kioko, alikuja kusoma mita ya umeme, akala vyote kumi na viwili akasema mchuzi wa bitiruti ungefaa pilipili.

Ugomvi wa ndugu hawa ulikuwa wa viongozi. Kwao Polandi watu wamegawanyika pande mbili, na upande mmoja ukisema leo ni Jumatatu, wa pili huenda kanisani kuonyesha kuwa ni Jumapili. Upande wa Zbigniew uliongozwa na bwana mmoja mrefu mwenye masharubu mekundu. Zbigniew alikuwa mtu wa reli, na reli ya mji wao ilipong'olewa ni bwana huyo peke yake aliyekuja akasimama kwenye stesheni tupu akasema ni dhuluma. Zbigniew alimpenda kama mtu anavyompenda daktari aliyemwamini kwamba anaumwa. Upande wa Halina uliongozwa na mama mmoja wa miwani, mpole wa sauti. Halina alimpenda kwa sababu alipoulizwa bandarini au sokoni anatoka nchi gani, tangu mama huyo ashike usukani, alijibu bila kuinamisha uso.

Miaka saba nyuma Halina alisafiri hadi Nairobi kupiga kura pamoja na Wapolandi wengine waliomo nchini. Jioni alimpigia mamake simu kumweleza, na Zbigniew akasikia. Akaichukua simu mkononi mwa mama akasema: "Umetuchagulia, sasa rudi ukaote jua lako." Hilo ndilo neno lake la mwisho kwake. Halina aliliweka moyoni miaka saba, na kila lilipomjia lilimuuma palepale. Yeye naye alikuwa amemjibu kuwa kule kwao hawana akili, wana televisheni. Hilo hulisahau kulisimulia.

Mwanzoni mwa Disemba mama yao alifariki, akiwa na miaka tisini na moja. Halina hakuwahi maziko. Kabla ya kukata roho, mama alimpa Zbigniew bahasha yenye mkate wa mwaka huu, mmoja tu, akamwapisha aupeleke kwa mkono wake na aumege pamoja na dadake. Akasema wasipoumega hatalala huko aendako. Zbigniew ni mtu wa ahadi. Alipanda ndege mara tatu kwa ajili ya mkate ule, akafika, akaukabidhi kwa paka.

Maisara aliswali magharibi kisha akapanda juu ya sakafu, akasimama kati ya matangi ya maji. Saa moja kasorobo akashuka akasema nyota imetoka, upande wa Kizingo. Wakasimama watatu mezani. Halina akaifungua bahasha, akautia mkate katika kisahani, akaushika mbele ya kakake kwa mikono miwili. 

Zbigniew aliutazama mkate. Kisha, mara ya kwanza tangu afike, akamtazama dadake, ambaye nywele zake zilikuwa zimekwisha kuwa nyeupe bila yeye kupewa habari. Akainua mkono.

"Halinka," akasema, kama alivyomwita utotoni.

Hodi ikabishwa.

Katika nyumba ya Mswahili hodi haiachwi. Maisara alishuka, akafungua, akasema karibuni, na ngazi ikaanza kulia kwa miguu ya watu wawili. Aliyetangulia alikuwa bwana mrefu wa masharubu mekundu. Nyuma yake, akimshika mkono ili asijigonge dari, alikuwa mama wa miwani. Wote wawili walivaa makoti mazito, na mabegani mwao mlikuwa na theluji, ambayo haikuyeyuka mpaka Maisara alipowasha feni.

Walisema wameona taa. Walisema safari ilikuwa ndefu na hawakula tangu Warsaw. Halina akamtafsiria wifi yake, kwa sauti ya kawaida, kwamba hawa ndio wakubwa wao wawili, yule wa Zibi na huyu wake.

"Wifi, mgeni haulizwi chama," akasema Maisara. "Lakini sahani ni moja."

Akaenda kuleta kiti cha pili. Wageni wakakataa. Wakasema mila ni kiti kimoja na sahani moja, na wao hawataki kuvunja mila ya watu. Wakakaa wote wawili kwenye kiti kile, kila mmoja nusu yake, kwa wepesi wa watu waliozoea. Mama wa miwani akamfungulia bwana yule skafu. Bwana yule akauliza hali ya mjukuu wa mama huyo aliyekuwa na pumu, akaambiwa hajambo, ile dawa aliyoipeleka imemfaa.

Zbigniew alikuwa bado amesimama. Wiki mbili zilizopita alimsikia bwana huyo, kwa masikio yake, akisema uwanjani kwamba mama huyu ameiuza nchi na kwamba mtu anayekula naye meza moja hana mama. Uwanja mzima ulipiga makofi, naye alipiga mpaka viganja vikamwasha. Sasa akajitambulisha kwa jina na mji. Akasema alilala nje ya bunge siku mbili kwenye baridi, akimshikia bendera, akapoteza hisia katika vidole viwili vya mguu, na hazijarudi.

"Asante sana, bwana," akasema mkubwa wake. "Chumvi iko wapi?"

Halina naye alikuwa na lake. Alimwambia mama wa miwani kwamba kila uchaguzi anasafiri kutoka Mombasa hadi Nairobi, kwenda na kurudi, na goti lake bovu, na kwamba kwa ajili hiyo hana tena kaka. Mama yule akamshika mkono akasema watu kama yeye ndio nguzo. Kisha akamgeukia jirani yake wa kitini, kwa kuwa bwana yule alikuwa akimtolea miiba ya changu, akijua kwamba miiba humkwama kooni.

Ndugu wawili walikaa, mmoja huku, mmoja kule. Hakuna aliyeshika kijiko. Wageni walikula vizuri. Halina alikisogeza kisahani cha mkate karibu na kifua chake, akakifunika kwa mkono, naye alijua kwa nini anafanya hivyo. Lakini Maisara, ambaye amelelewa kuwa mwenyeji hamtangulii mgeni hata kwa tonge la sumu, aliona aibu. Akadhani wifi yake amepotewa na adabu kwa sababu ya msiba. Akamwondolea mkono taratibu, akakisukuma kisahani hadi mbele ya wale wawili.

"Mgeni kwanza," akasema. "Bismillahi."

Wageni hawakuhitaji tafsiri. Bwana wa masharubu akaumega mkate, akampa mwenzake, akamwombea afya na miaka mingi kitini. Mama wa miwani akamega katika kipande chake, akamwombea vivyo hivyo. Wakabusiana mashavuni mara tatu. Kisha wakamegeana tena, wakawaombea watoto, na tena, wakawaombea wajukuu, na tena, wakaliombea taifa. Zbigniew alikuwa amenyoosha mkono juu ya meza, na Halina wake, na mikono hiyo ilibaki pale, imefunguka, mpaka kisahani kilipobaki kitupu.

Wageni waliondoka baada ya kahawa. Walishukuru, wakamsifu Maisara kwa samaki, wakabanana ndani ya tuktuk ya Ngala, kijana wa mtaa uo huo. Kesho yake Ngala alisimulia barazani kwamba walilala njia nzima, kichwa cha mmoja begani mwa mwingine. Walipofika Makupa, penye taa, wakaona kundi la watalii wa kwao. Mama akavaa miwani, bwana akanyoosha masharubu, na wakamwomba awashushe mmoja upande huu wa barabara na mwingine upande ule. Watalii wakagawanyika, wakaanza kuzomeana. Ngala alisema hilo alilijua, kwani wakubwa wa hapa pia amewabeba.

Ghorofani Maisara alikusanya vyombo. Majani chini ya kitambaa yalikuwa yamelala upande mmoja, pale wageni walipoegemea. Halina akamweleza, sasa ndipo akamweleza, kwamba mkate ule ulikuwa mmoja, na ulikuwa wa mama. Maisara akaiweka chini sinia aliyoibeba. 

"Vita vya panzi, furaha ya kunguru," akasema, na machozi yakamtoka. "Nami ndiye niliyewatilia sahanini."

Wapolandi husema usiku huo wanyama hupewa ulimi wa kunena. Paka alikuwa chini ya meza na kichwa cha samaki, na hakusema kitu.

Alipoinua sahani ya wageni, Halina aliona chembe. Zilikuwa tatu, nyeupe, juu ya kitambaa. Kubwa yao haikuzidi punje ya mchele. Akazikusanya kwa ncha ya kidole, akazitia katika kiganja chake chekundu, akazunguka meza mpaka alipokuwa kakake. Sisimizi wa kwanza alikuwa amekwisha kuupanda mguu wa meza. Halina alisimama mbele ya Zbigniew, kiganja wazi. 

Zbigniew aliziangalia zile chembe kwa muda mrefu. Mkono ukaanza kuinuka. Mtu aliyekuwa akimtazama angeapa kwamba atachukua, na Maisara, aliyekuwa akimtazama, alikwisha kuanza kusema alhamdulillahi. Kisha akauliza, akimwuliza dadake mwenyewe, uso kwa uso, bila paka:

"Hizi zimeanguka upande wa nani?"

Halina angeweza kudanganya. Baadaye alijilaumu kwamba hakudanganya. Lakini alikuwa ameulizwa na kakake kwa mara ya kwanza katika miaka saba, naye hakutaka neno lao la kwanza liwe la uongo. Akakitazama kiti.

"Sijui," akasema. "Walikaa kiti kimoja."

Zbigniew akatikisa kichwa. Akasema basi hawezi, asije akala ya yule mama. Akaushusha mkono wake aliokuwa ameanza kuuinua, akaupangusa kwenye suruali ingawa haukuwa umeshika kitu.

Halina alizirudisha chembe ndani ya bahasha ya mama, akailamba gundi, akaifunga. Maisara aliiosha sahani ya mgeni akaipanga kabatini, mahali pake, kwa ajili ya mwakani.

Zbigniew akamwambia paka kwamba ndege yake ni ya asubuhi. Halina akamwambia paka kwamba chai itakuwa mezani saa kumi na moja.