Hakuna Uvimbe

Kila asubuhi, kabla hata ya kutua mkoba, mtaalamu wa maabara alifuta lenzi za hadubini yake kwa kitambaa laini, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto uso. Siku hiyo hajamaliza lenzi ya pili mlango ukasukumwa. Akaingia fundi cherehani, binti wa miaka ishirini na mitatu, kidole kimefungwa bendeji, karatasi mkononi.

"Samahani, dada. Daktari wa neva anasema majibu yenu yameniumbua."

Karatasi ilisema: *Neva ziko sawa. Anajifanya mgonjwa. Arudi kazini leo.*

"Na kidole?"

"Nimekishona. Sindano imetokea upande wa pili, mimi nakanyaga cherehani tu. Mwenzangu ndiye aliyepiga yowe alipoona damu kwenye kola."

Mtaalamu alihisi uso ukimwaka. Kipande cha neva ya binti huyu alikichunguza kwa hadubini miezi miwili nyuma. Badala ya mafungu machache manene ya nyuzi, kama ilivyo kawaida, aliona vifungu vidogo vidogo tele, vimetawanyika ovyo. Lakini fomu iliuliza jambo moja tu, kama kuna uvimbe, na amri ya maabara ilikuwa moja: jibu ulichoulizwa. Akaandika, "Hakuna uvimbe." Kisha juzi kipimo cha jeni cha binti huyohuyo kikapita mezani kwake, kikienda kliniki ya wanawake, kwa kuwa hajawahi kupata hedhi. Jeni moja ilikuwa na hitilafu: ile inayotuma ujumbe viungo vya uzazi viumbike mimba ikiwa changa, na inayoziagiza ala za neva, yaani ngozi zinazozifunika, zijipange sawasawa. Kliniki mbili, faili mbili, mwili mmoja. Na yeye, aliyeziona zote, alinyamaza.

"Mdogo wangu, nikisema mbele ya daktari kuhusu kliniki ile nyingine, utakwazika?"

"Sema, dada. Nimechoka kusemwa mimi."

Walimkuta daktari akipuliza chai.

"Ee, Bibi Kimya! Leo umepotea njia?" Alimwona binti nyuma yake, akaguna. "Na wewe tena? Maabara wenyewe wameandika hakuna kitu."

"Niliandika hakuna uvimbe," mtaalamu alisema.

"Si ndiyo hayo hayo? Jamani, nina foleni hadi getini."

Siku nyingine angeomba radhi, akarudi kwenye hadubini yake. Alivitazama vidole vya daktari, vizima, vimekishika kikombe cha moto kwa tahadhari, na hasira ikampanda. Aliziweka faili zote mbili alizokuja nazo juu ya meza, karibu kabisa na kile kikombe.

"Si hayo hayo, Daktari. Neva zake ni mbovu tangu hajazaliwa. Mimi niliziona nikaogopa kuandika kisichoulizwa, na hilo ni kosa langu. Lakini wewe hukumgusa hata kidole, ukasoma maneno yangu mawili ukamwita mwongo. Hajifanyi. Hasikii maumivu. Ukimrudisha kwenye mashine ile, atakatika mkono, na tutakuwa tumemkata sisi."