Bibi wa Masweta na Mjukuu wa Kupozwa

Mimi Klara, mkunga, nikikuambia watu hawasikii, niamini. Kwenye semina yenyewe hawakusikia, sembuse wodini.

Semina ilifanyika juu ya duka la vitenge la Mzee Vallabhdas. Serikali iliporuhusu watu binafsi wafungue hospitali, mzee huyu aliacha vitenge chini, ghorofani akafungua wodi ya wazazi, hapo hapo Kariakoo. Mjukuu wake, Daktari Hinal, aliporudi kutoka masomoni akaja na jambo jipya: mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, ubongo ukaumia, apozwe. Si kila mtoto. Awe ametimiza miezi yake, awe amezaliwa hoi, na kazi ianze kabla saa sita hazijapita. Siku tatu mwili wake ukae chini kidogo ya joto la kawaida, kwa kipimo, ndipo apashwe taratibu.

"Makubwa! Apozwe?" nikasema. "Daktari, huyu ni mtoto au samaki wa soko la Feri?"

Watu wakacheka. Hinal naye akacheka, lakini akanikabidhi mwanasesere wa mazoezi na chupa za maji ya baridi zilizofungwa vitambaa. Basi hapo ndipo vituko vilipoanza. Kila aliyempokea yule mwanasesere alimfunika. Wala si kwa ubishi, ni mikono tu. Tumefundishwa tangu chuoni: mtoto akitoka, mkaushe, mfunike, kofia kichwani. Nassibu, tabibu wetu, alikuwa anajibu swali la kupoza, anajibu vizuri kabisa, huku mikono inamvisha mwanasesere kofia. Tulimcheka mpaka akatoka nje kunywa maji.

Wiki haijaisha, akaja Ummy. Uchungu ulimsumbua muda mrefu, mtoto akatoka wa kiume, mkubwa, mzuri, kimya. Tulimpa hewa kwa mfuko na barakoa mpaka akapumua, lakini alilegea kama kitambaa kilicholowa. Hinal akamkagua, akaniangalia.

"Sista Klara, huyu ndiye."

Nassibu akazima taa ya joto, tukampanga na chupa zetu, kipimo mwilini. Ummy alikubali huku analia. Tatizo halikuwa Ummy, jamani. Tatizo lilikuwa mama yake.

Bi Siwema anauza nguo za watoto Mchikichini, mitumba. Na unajua mwenyewe mitumba ya watoto inakotoka: nchi za theluji. Mwanamke yule ana masweta ya kuvisha Ilala nzima, na Bongo hii tunatoka jasho tumekaa tu. Kaingia wodini na furushi, kamwona mjukuu yuko na nepi peke yake, ubavuni chupa za maji ya baridi. Weee!

"Mnaniulia mtoto! Hata paka hutandikiwa gunia!"

Nikamweleza. Akaitikia, "Sawa, mwanangu, sawa," kwa adabu zote. Nikageuka kidogo, kurudi, mtoto ana sweta. Nikavua. Nikaenda kwa mgonjwa mwingine, kurudi, ana soksi za sufu. Nikavua. Baadaye nikakuta kofia yenye masikio ya sungura. Kipimo kinapanda, nakishusha, kinapanda. Na mashangazi wa Ummy nao wakaanza kufika, kila mmoja na blanketi lake, maana kwetu huendi kumwona mzazi mikono mitupu.

Nikapandwa na hasira. Nikamshika Bi Siwema mkono, nikamtoa mpaka kwenye ngazi.

"Bi Siwema, nisikilize, sikufichi tena. Mjukuu wako alikosa hewa. Ubongo umeumia, na hivi tunavyoongea unaweza kuzidi kuumia. Ubaridi ule ndio unaoupumzisha. Wewe unakuja na masweta! Anaweza akaishi, akakua, asijue wewe ni nani. Na mimi naogopa, unasikia? Naogopa kama wewe."

Akakaa kwenye ngazi, akajifunika uso kwa mtandio. Niliona nimesema kwa ukali mno, lakini yalikuwa yameshatoka.

Halafu akanyanyuka, akaenda kusimama mlangoni. Shangazi mmoja alikuwa anapanda na blanketi la madoa ya chui.

"Wapi?" Bi Siwema akamuuliza.

"Nampelekea mtoto, wifi, asije akapata baridi..."

"Baridi ndiyo dawa yake! Hebu rudi nalo!"

Kuanzia hapo sikuhitaji mlinzi. Aliwarudisha mashangazi, akawarudisha majirani, akamrudisha Mzee Vallabhdas mwenyewe, mwenye jengo lake, aliyekuja na kitenge cha zawadi. Nassibu alikuwa haingii mpaka aoneshe mikono. Lakini usidhani alikuwa ametulia. Akibaki peke yake na mjukuu alikalia viganja vyake, machozi yanamtoka, anamnong'oneza, "Vumilia, baba. Bibi hajakutupa."

Siku tatu zilipotimia, Hinal akaanza kumpasha mtoto, polepole, kutwa nzima. Joto lilipofika panapotakiwa akasema, "Haya, bibi. Sasa mfunike."

Bi Siwema akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Mfunikeni nyie. Mimi naogopa."

Basi nikachukua kanga ya Ummy, nikamfunika mwenyewe. Mtoto akakunja uso. Akarusha mguu, kanga ikateleza. Nikamfunika tena. Akarusha tena, na safari hii akafungua mdomo akalia, kilio cha hasira hasa, wateja wa vitenge kule chini wakainua vichwa. Tangu azaliwe hatukuwa tumekisikia.

Hinal akasema tusijisahau, huyu tutamfuatilia miezi mingi bado. Hakuna aliyemsikiliza. Ummy alikuwa ameshamweka kifuani, na mtoto analitafuta ziwa mwenyewe, kwa fujo. Nikamwendea Bi Siwema na ile kanga, nikamwambia mjukuu wake kakataa kufunikwa, tufanyeje?

Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, kaushika ukuta.

"Mwacheni," akasema. "Mwacheni akatae."