Pesa Iliyoegeshwa

Tak Yeonsuk hakuwahi kuuelewa vizuri mfuko ule wa kuwekeza pesa, na hakuona haya kusema hivyo. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa akiuza vitoweo katika soko moja la mji wa Cheongju: kimchi ya kabichi iliyochachushwa kwa chumvi na pilipili, dagaa wa kukaanga, mchicha uliochanganywa na ufuta. Hesabu zake zilikuwa za kilo na vikopo. Mambo ya benki aliyashika mumewe, Pyo Gitaek, fundi mstaafu wa karakana ya mabasi, mtu ambaye kila bisibisi yake ilikuwa na msumari wake ukutani.

Mwezi wa Agosti mwenye nyumba wao alitaka nyumba yake ili aozeshe mwana. Akawarudishia pesa ya dhamana waliyomwekea walipoingia badala ya kulipa kodi ya kila mwezi, won milioni mia moja na tisini, taslimu kwenye akaunti. Gitaek na mkewe walikuwa wamepanga nyumba za watu tangu waoane. Safari hii wakasema basi, tununue. Dalali wao, Mama Bang, aliwapatia ghorofa ya nne katika jengo la zamani lenye lifti, baraza yake ya kioo inapigwa na jua tangu asubuhi. Bei ilikuwa milioni mia mbili na kumi. Wakatoa arubuni ya milioni ishirini na moja kutoka kwenye akiba ya duka. Salio lilipwe Alhamisi, tarehe ishirini na sita Septemba, siku ya kukabidhiwa funguo.

"Mkataba uandike kwa jina la huyu," Gitaek alimwambia dalali, akimwelekezea mkewe kidole. "Mikono yake imekaa kwenye chumvi miaka yote hiyo. Na yeye awe mwenye nyumba."

Mama Bang akacheka. "Ukifukuzwa usije kwangu kutafuta chumba, Baba Haerin."

Yeonsuk alitia saini huku masikio yamemwiva kwa aibu na furaha.

Zilibaki wiki sita. Wakahamia chumba kimoja cha kulipia kwa mwezi juu ya duka, masanduku yamepangwa mpaka darini. Pesa za dhamana Gitaek hakutaka zilale tu benki, ambako hazikuzaa kitu. Akazihamishia kampuni ya hisa, kwenye akaunti yake, na kununua kile ambacho watu huko hukiita mfuko wa kuegesha: unauzwa na kununuliwa sokoni kama hisa, ila ndani yake hamna biashara ya mtu yeyote, kuna mikopo mifupi tu ambayo mabenki hukopeshana. Kwa hiyo hauyumbi. Unapanda kidogo kidogo kila siku, basi.

"Hisa ni hisa," Yeonsuk alisema. "Shemeji yako alianza hivyo hivyo, leo anaendesha teksi ya mtu."

"Yule alinunua ndoto. Mimi nimeegesha gari tu. Unaegesha, unazima, unaenda zako. Siku ya kuhama unalikuta palepale, na mafuta yameongezeka." Akamwonyesha simu. "Elfu kumi na nane kwa siku. Ni kuku mzima wa kukaanga huyo, kila siku ya Mungu."

"Basi mlete tumle, maana namwona kwenye simu tu."

Kila alasiri soko la hisa lilipofungwa, Gitaek aliinama dirishani kuelekea dukani na kumwambia mkewe kuwa kuku wa leo ameingia. Kwenye kalenda aliizungushia duara tarehe ishirini na nne, siku ya kuuza, kwa sababu ukiuza leo pesa inafika baada ya siku mbili za kazi. Alikuwa amepiga hesabu ya kila kitu.

Jumapili ya katikati ya Septemba, siku mbili kabla ya Chuseok, sikukuu ya mavuno, Gitaek alikuwa akimpokea mkewe beseni la mchele uliorowekwa. Beseni likamponyoka. Yeonsuk aligeuka ili amseme, akamwona ameegemea friji, mdomo umekwenda upande, anaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

Madaktari walimwokoa. Kiharusi upande wa kushoto wa ubongo, walisema. Mkono na mguu wa kulia havina nguvu, na maneno yamevurugika. Haerin, binti yao wa pekee, mwalimu wa chekechea mjini Daejeon, alifika jioni ileile bado amevaa aproni yenye vipepeo.

Mara ya kwanza walipoketi naye, Gitaek alimtambua mkewe vizuri kabisa. Machozi yalimtoka. Alifungua mdomo na kusema, "Sufuria." Akatikisa kichwa kwa hasira, akajaribu tena. "Sufuria, sufuria."

"Usijilazimishe, Baba Haerin," Yeonsuk alisema, akimfuta shavu. "Nimekuelewa." Hakuwa ameelewa kitu.

Sikukuu ikapita ofisi zote zikiwa zimefungwa. Alhamisi, wiki moja kabla ya siku ya kulipa salio, Yeonsuk alikwenda kwenye tawi la kampuni ya hisa na kitambulisho chake, cheti cha ndoa na barua ya daktari kwenye bahasha. Karani alikuwa msichana mpole, jina lake Seok. Alisoma kila karatasi mara mbili.

"Mama, akaunti ni ya mzee. Anayeweza kuuza ni yeye mwenyewe."

"Yeye mwenyewe hawezi kusema jina lake."

"Basi anahitajika msimamizi anayeteuliwa na mahakama ya familia. Ukiwa na hati hiyo tutakusikiliza."

"Inachukua siku ngapi?"

Msichana akashusha sauti. "Miezi, Mama. Mitatu, minne. Wengine zaidi."

"Mwanangu, sitaki kuzila. Natoa hapa napeleka pale, kulipa nyumba. Nitawaletea na mkataba. Mpigieni simu dalali."

"Najua, Mama. Hata angekuwa baba yangu mzazi nisingeweza kuigusa hii." Akamletea maji kwenye kikombe cha karatasi. "Pesa iko salama lakini. Haijapungua hata won moja."

Yeonsuk aliyanywa yale maji yote kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Siku hiyo hiyo alikwenda benki mbili kuomba mkopo. Moja ilitaka wiki tatu na hesabu za mapato ya duka, ambazo nyingi zilikuwa kichwani mwake. Nyingine ilitaka rehani. Ndugu wakajikusanya, Haerin akatoa alichokuwa nacho. Ikafika milioni thelathini na nane. Salio lilikuwa mia moja themanini na tisa.

"Mama," Haerin alisema Ijumaa, "simu ya Baba inafunguka kwa kidole chake. Programu ya kampuni inataka namba ya siri tu. Tarakimu sita."

"Huo si wizi?"

"Tunamwibia nani? Tutamuuliza mwenyewe."

Alikuwa tayari amejaribu mbili kwa kubahatisha, tarehe ya kuzaliwa ya mama yake na yake mwenyewe, na zote zimekataliwa. Zilibaki tatu. Ukikosea mara tano akaunti inajifunga, na anayeweza kuifungua ni mwenye akaunti, aliyesimama kwa miguu yake mbele ya karani au anayezungumza mbele ya kamera.

Jumamosi walimwandikia Gitaek tarakimu kubwa kwenye kipande cha boksi. Alielewa mara moja wanachotaka. Macho yake yaliwaka, akainua mkono wa kushoto uliokuwa mzima. Aligusa nne. Akagusa moja. Akasita, akagusa tisa, akakunja uso, akarudi kwenye nne. Haerin aliandika kila kitu. Walipoingiza, ikakataa. Akajaribu tena, tarakimu nyingine kabisa. Ikakataa.

Gitaek akaanza kupiga kile kiboksi kwa kiganja. "Sufuria!" alisema. "Sufuria!" Mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukutani.

"Tuache," Yeonsuk alisema. "Amechoka. Imebaki moja, tuiweke."

"Mama, Jumanne ndiyo mwisho wa kuuza."

"Nimesema tuache."

Jumapili Yeonsuk hakumgusia habari hiyo. Alimlisha uji kijiko kwa kijiko, akamsimulia nani amekuja dukani, nani ameolewa. Usiku hakulala, na Jumatatu asubuhi alikwenda na Haerin na kile kiboksi.

Gitaek alionekana ametulia. Alikitazama kiboksi muda mrefu, kama alivyokuwa akitazama injini kabla ya kuishika. Kisha akagusa tarakimu sita mfululizo bila kusita. Haerin alimwomba arudie. Akarudia, zilezile sita, kwa mpangilio uleule. Haerin alimtazama mama yake na mama yake akatikisa kichwa kukubali.

Haerin aliziingiza. Maandishi mekundu yakatokea. Akaunti imefungwa kwa usalama wa mteja.

Gitaek hakuweza kukiona kioo cha simu kutoka pale alipolala. Aliona tu nyuso zao, na alikuwa amezoea kufaulu kazi anazozifanya kwa makini. Akatabasamu kwa nusu ya mdomo iliyokuwa hai. Akaupapasa mkono wa mkewe.

Yeonsuk aliifunika simu kwa kiganja.

"Imefunguka, Baba Haerin," alisema. "Umefanya vizuri. Asante."

Haerin akatoka nje ya wodi haraka. Gitaek alifumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu aletwe akalala bila kukunja uso.

Mwuza nyumba, Mzee Ku Bonsik, aliposikia hakupiga kelele. Alikuja hospitali mwenyewe, akakaa na Yeonsuk kwenye benchi la ukumbini, boksi la mapeasi limewekwa katikati yao.

"Mama Haerin, mimi nimekusubiri, na nitakusubiri mpaka tarehe sita Oktoba. Zaidi siwezi. Na mimi nimetoa arubuni ya nyumba huko anakoishi mwanangu. Nisipopeleka salio naipoteza."

"Pesa ninayo, Mzee. Nikikuonyesha utaiona. Ipo."

"Naamini ipo."

"Ipo na kila siku inaongezeka," Yeonsuk alisema, akaanza kucheka kicheko ambacho hakikumpendeza hata yeye. Mzee Ku akalisogeza boksi la mapeasi upande wake.

Tarehe sita ilifika na ikapita. Mama Bang alimsihi mzee arudishe hata nusu ya arubuni. Lakini mzee naye alikuwa amepoteza nyumba ya huko kwa mwanawe, na arubuni yake imeliwa palepale. Mkataba ulisema asiyelipa kwa wakati anaiacha. Yeonsuk hakubisha. Milioni ishirini na moja, akiba ya miaka ya chumvi na pilipili, ikaenda, na hapakuwa na mtu wa kumlaumu. Wakati mwingine alijikuta dukani amekamata kichwa cha kabichi, amesahau alitaka kukifanya nini.

Mahakama ya familia, alikoomba usimamizi, ilimwita mara tatu. Walimuuliza kama anampenda mumewe, kama ana madeni, na mumewe angependa asimamiwe na nani. Daktari wa mahakama akaja kumpima Gitaek. Karatasi zikaenda, zikarudi, zikaenda. Majira ya baridi yakapita hivyo. Gitaek alihamishiwa hospitali ya mazoezi ya viungo, alijifunza kusimama, akajifunza kusema "ndiyo," "hapana," na "Haerin." Kila Yeonsuk alipoingia, alimwonyesha kwa mkono ishara ya kufungua mlango kwa ufunguo, akiinua nyusi. Yeonsuk alijibu, "Bado kidogo. Upone kwanza." Haerin alimwambia ni vibaya kumficha. "Basi mwambie wewe," mama yake alimjibu. Haerin hakumwambia.

Mwezi wa Machi hati ya usimamizi ikatoka kwa jina la Yeonsuk. Karani Seok alikuwa bado yuko kwenye dirisha lilelile, na alimkumbuka. Aliuza mfuko wote siku hiyo hiyo, na baada ya siku mbili pesa zikaingia, zimezidi kwa karibu milioni nne.

"Hongera, Mama," msichana alisema, kisha akaona haya kwa kusema hivyo.

Nyumba ya ghorofa ya nne ilikuwa imenunuliwa na mtu mwingine zamani. Bei za majengo yale zilikuwa zimepanda, na mahakama haikumruhusu msimamizi kutumia pesa za mgonjwa kununua nyumba kwa jina lake mwenyewe. Aliruhusiwa kupanga. Mama Bang akawatafutia nyumba ya chini, mlango hauna ngazi, kiti cha magurudumu kinapita. Ilitazamana na ukuta wa karakana.

Siku ya kumtoa hospitali, Aprili, Yeonsuk alimvalisha Gitaek koti lake la kaki na kumchana nywele. Kwenye teksi alikuwa mchangamfu. Alitazama nje, akaitambua mitaa, akamgonga mkewe goti kila walipopita mahali wanapopajua. Teksi ilipopita njia ya kwenda kwenye lile jengo la lifti bila kukata kona, aligeuza kichwa kufuata. Akageuka tena mbele. Hakugonga goti tena.

Walimwingiza ndani. Haerin alikuwa amepika supu ya mwani, mvuke umejaa jikoni. Gitaek alitazama dari, akatazama dirisha na ukuta ulio nyuma yake, kisha akamtazama mkewe, na hakuondoa macho.

Yeonsuk alipiga magoti mbele ya kiti ili nyuso zao ziwe sawa.

"Si ile," alisema. "Tuliikosa, Baba Haerin. Ile namba haikuwa yenyewe. Nilikudanganya."

Gitaek alifungua mdomo. Sauti ikatoka, ndefu, ya mtu mwenye mengi ya kusema, wala haikuwa ndiyo wala hapana. Alijaribu tena. Yeonsuk alisogeza sikio karibu, akasikiliza kwa nguvu zake zote, na hakupata hata neno moja. Hakujua kama anamgombeza au anamwomba radhi.

"Mama, supu inapoa," Haerin aliita kutoka jikoni.

"Subiri," Yeonsuk alisema. "Baba yako anaongea."