Mvua Isiyonyesha Butiama

Bwana Mayala alivipanga vitabu vyake mafungu matatu juu ya meza yangu, akiyasukuma madaftari ya wanafunzi pembeni kana kwamba ni maganda ya mihogo. Fungu la kwanza lilikuwa la watu walioandika maisha yao wenyewe. La pili, hadithi za kubuni. La tatu, mila na desturi za majimbo. Vyote vilikuwa vimechapishwa na chuo kikuu alikofanya kazi ya uhariri, vina majalada magumu na harufu ya gundi. Kisha akautoa mswada wangu mkobani, akauweka juu ya fungu la katikati.

"Umekosea fungu," nikamwambia.

"Sijakosea, Mwalimu Dorotea. Wakubwa wangu wameusoma na wameupenda sana. Lakini wanauliza, msomaji wa Tanga au Lindi atakubalije kwamba baba yako ni mwanamke? Hata mimi wa Shinyanga, jirani yenu, nilirudia ukurasa ule. Tukiuita hadithi, watu watausoma kwa raha zao, na utatoka mwaka huu huu."

Watu wa kwetu hawahitaji kuelezwa jambo hili, ila yeye ilibidi nimweleze. Nyamburi wa Butiama alifiwa na mume kabla hajapata mtoto. Alikuwa na ng'ombe wake. Akamposa mama yangu kwa ng'ombe hao, mbele ya wazee, kama mwanamume yeyote anavyoposa. Mama akatuzaa na mwanamume wa nje, nasi kwa mila tukawa watoto wa nyumba ya Nyamburi. Kwa majirani, watoto wa nyumba kama yetu humwita mwenye ng'ombe bibi. Yeye alituambia tumwite baba, tukamwita baba, na aliyetaka kucheka akachekee kwao.

"Basi tuuhamishie huku kwenye mila," Mayala akasema, akauvuta mswada kulia. "Ila huku hatutaji majina ya watu. Tutaandika, mwanamke mmoja wa Jimbo la Ziwa."

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawaka. "Kwa hiyo baba yangu ama hajapata kuzaliwa, ama hana jina. Nichague lipi, Bwana Mayala?"

Akaurudisha mswada katikati. Nami sikuwa na jeuri ya kuukunja mswada wangu na kuondoka, kwa maana kitabu nilikitaka. Nyamburi alikuwa anaumwa kifua. Nilitaka akishike mikononi mwake yu hai, jina lake limo ndani, kwani hapakuwa na mahali pengine popote lilipoandikwa. Nikikubali fungu la katikati, atakishika. Nikikataa, huenda asikishike kamwe. Nilipima huku na huku mpaka chai ikapoa, nikaona si haki nijibu peke yangu.

"Kesho lori la Hamduni mwenye duka linakwenda Nyamuswa kuchukua pamba," nikasema. "Litatushusha Butiama. Utakuja umwambie mwenyewe."

Tulifika tumejaa vumbi, Mayala amekumbatia mkoba wake. Mama alikuwa uani anachambua mtama. Mayala akatazama huku na huku, asione mwanamume, akajikalisha kwenye kigoda kilichokuwa kando ya mlango. Mama akaacha kuchambua. Nilifungua kinywa nimwonye, lakini Nyamburi alikwisha kutoka ndani na fimbo yake.

"Hapo anakaaga mwenye nyumba," alisema taratibu. "Mgeni anakaaga kule."

Mayala akaruka kama aliyekalia kaa la moto. "Samahani, mama. Nilidhani mwenyewe hayupo."

"Mwenyewe ni mimi."

Nyamburi akakaa kigodani. Mama akamletea uji yeye kwanza, kisha mgeni, kama ilivyokuwa siku zote nyumbani kwetu. Nikamweleza Nyamburi habari ya mafungu matatu, wala sikumficha kwamba tukikataa, kitabu kinaweza kuchelewa sana au kisitoke kabisa.

"Hicho cha kubuni ndicho kipi?" akauliza.

"Ni kitabu cha watu ambao hawakuwapo."

Alikohoa kwa muda mrefu. Mama alitaka kumshika mgongo, akamzuia kwa mkono.

"Ng'ombe wangu walikuwapo," akasema. "Walitembea kwa miguu yao mpaka kwa baba wa huyu mke wangu, watu wakiwaona. Sikiliza, Dorotea. Nikifa kabla ya kitabu, nitakuwa nimekufa tu, kila mtu anakufaga. Lakini kuandikwa kwamba sikuwapo, hapana. Usikubali."

Nililia, na sikuona haya. Halafu nikafuta uso, nikamgeukia Mayala. "Umesikia. Fungu la kwanza, au nirudishie mswada wangu."

"Wataniuliza nina ushahidi gani."

"Waambie ulikalia kigoda chake ukainuliwa."

Mama akacheka. Mayala naye akatabasamu kwa shingo upande. "Nitawapelekea kama maisha ya kweli, nami nitaubishania," akasema. "Lakini siahidi kitu, Mwalimu."

"Kwani umekuja nao huo mswada?" Nyamburi akauliza. "Nisomewe basi, ningali nasikia."

Mayala akanipa karatasi. Nikaanza kusoma siku mama alipoletwa Butiama, jinsi mvua ilivyowanyeshea njia nzima na Nyamburi akatoka kuwapokea na ngozi ya ng'ombe kichwani.

"Ngoja," Nyamburi akasema. "Mvua gani?"

Nikaishusha karatasi. Mvua ile niliiweka mimi, ili ipendeze. Niliipenda kuliko kitu kingine chochote katika ukurasa ule.

"Mvua haikunyesha," akasema. "Lilikuwa jua kali. Huyu alifika ana vumbi mpaka magotini, analia, anataka kurudi kwao. Nikamwosha miguu."

Mama aliinamia ungo wake. "Ni kweli," akasema.

Mayala alikuwa amekwisha kutoa kalamu. Alinitazama. "Kwenye hadithi ingebaki," akasema kwa upole. "Niifute?"

"Ifute."

Akaifuta mvua yote, mstari kwa mstari, akaandika juu yake jua na vumbi. Kisha akamgeukia Nyamburi, kalamu mkononi, akamwuliza maji ya kumwoshea miguu aliyapata wapi.