Kadi Isiyo na Feni

Lailah aliweka kiganja juu ya meza ya Abdunoor, akafumba macho kidogo, kisha akatikisa kichwa. Hii hapana. Akahamia kwenye kompyuta ya pili, akaweka kiganja tena, na safari hii alitulia kwa muda mrefu. Alipofumbua macho alinitazama, akaniambia kwa mikono: "Hii ndogo. Haitetemi."

Abdunoor ni Msomali mwenye duka la vifaa vya kompyuta pale Kisenyi. Alikuwa amefunga kadi mbili za grafiki, zile zinazowasha skrini, kwenye mashine mbili ili mteja achague kwa macho yake. Aliitazama mikono ya dada yangu, hakuambulia kitu, akanigeukia.

"Huyu nnyabo anasema nini?"

"Anasema hii kubwa ndio anataka," nikajibu.

Sikusita hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Ningalisita, ningaliweza angalau kujitetea kwamba nilishindana na shetani. Uongo ulinitoka kwa ulaini, kama mtu anayetoa salamu.

Lailah alipoteza masikio akiwa na miaka saba, kwa homa ya uti wa mgongo. Mimi nilikuwa na kumi na moja. Tangu hapo nikawa mdomo wake: dukani, hospitalini, kwenye harusi za ndugu zetu Wanubi ambako kila shangazi huuliza maswali kumi kabla hujavua viatu. Mama yetu, Maimunah, alijifunza alama tano tu: kula, njoo, swali, lala, acha. Mengine yote yalipita kwangu, nami nilikuwa na tabia ya kuyafupisha. Lailah angeweza kueleza jambo kwa dakika tatu, mikono ikiruka, uso ukikunjuka na kukunjamana, nami nikawaambia wageni: "Anasema hajambo." Wageni walinipenda sana. Walisema, Hamim ana subira na dada yake, Mungu atamlipa.

Mwaka ule Lailah alikuwa akimalizia mafunzo ya ualimu wa watoto viziwi, yanayofundishwa kwa video. Mkalimani wao aliitwa Goretti. Shida ni kwamba kompyuta ya Lailah ilikuwa na skrini moja. Mwalimu akifungua ubao, Goretti anasinyaa anakuwa mdogo kama ukucha pembeni. Sasa mtu anayesikia kwa macho atasikia nini kwenye ukucha? Mtihani wa mwisho ulikuwa kufundisha somo zima mbele ya wasahihishaji watatu, na mwaka uliotangulia alikuwa ameanguka kwa sababu mikono ya Goretti ilimpotea mara mbili. Kanuni za chuo zilimpa nafasi moja tu iliyobaki. Skrini tatu zingemwokoa: moja ya Goretti, moja ya wasahihishaji, moja ya somo lake.

Kompyuta yenyewe ilikuwa mzee, ile nyembamba ya maofisini, yenye moyo mdogo wa umeme. Nilikuwa nimeshakuwa fundi miaka kumi na miwili na nilijua vizuri inachotaka: kadi fupi, isiyokula umeme mwingi. Mteja yeyote angeniuliza, ningemwambia hivyo. Lakini mafundi wa Kisenyi tuna ugonjwa wetu. Kwetu hakuna kisichoingia. Kikiwa kirefu tunatoa mfuniko, kikiwa na njaa ya umeme tunakiungia chakula kutoka pembeni. Ile kadi kubwa ilikuwa na feni mbili na taa nyekundu, na nilikuwa nimeitamani tangu mwezi wa Ramadhani. Kweli ilinguruma kama mashine ya kusaga posho. Lakini, nikajiambia, kelele kwa nani? Mwenye kompyuta ni kiziwi! Nilicheka peke yangu juu ya boda mpaka tukapanda mlima wa Kibuli kurudi nyumbani.

Nilipoifunga, ile kompyuta ilikuwa kichekesho. Mfuniko ulibaki uvunguni mwa kitanda, mashine ililazwa ubavu, na pembeni yake niliweka pawa sapulai ya pili ya kuilisha umeme, imefungwa kwa kamba ya katani. Lakini skrini zote tatu ziliwaka. Lailah aliruka, akanikumbatia. Halafu akaweka kiganja mezani na uso ukabadilika.

"Inatetema," akasema.

"Utazoea," nikamjibu kwa mikono, nikaenda zangu kula.

Siku ya nne jirani yetu alinipigia simu. Mama alikuwa ameanguka chumbani kwake akijaribu kufuata maji mwenyewe, na magoti yale ya mama hayamfikishi mtu popote. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika. Tulimpeleka hospitali, akafungwa plasta, tukamrudisha, na alipokwisha kulala juu ya mito mitatu akaanza kusema.

"Mimi napiga ukuta, napiga, napiga. Huyu mtoto anakaa tu na sinema yake tatu. Banange, si angesubiri nife kwanza? Mtihani ikiisha, hizo tivi zote zitoke kwa nyumba yangu."

Lailah alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. "Mama anasema nini?"

"Anasema anaumwa," nikamwambia.

Alinitazama, akamtazama mama, akanitazama tena. Mwenye macho haambiwi tazama. Akanishika mkono na kunivuta hadi chumbani kwake.

Aliizima mashine. Akanikalisha kwenye kiti chake, akaweka viganja vyangu vyote viwili juu ya meza, akatoka kwenda chumbani kwa mama. Meza ile ilikuwa imesukumwa mpaka ikagusa ukuta wa chumba cha mama, na kwa miaka yote nilidhani ni kwa sababu chumba ni kidogo. Mara nikahisi kitu kwenye mifupa ya mikono: tu, tu, tu. Lailah alikuwa akigonga ukuta kwa mwiko ambao mama huuweka kando ya kitanda. Ndivyo walivyokuwa wakiitana, mama na mwanawe, bila alama na bila mimi, na sikuwahi kujua kwa sababu sikuwahi kuuliza.

Lailah akarudi, akaiwasha mashine, akaenda tena. Feni zilizunguka. Meza ikatetema yote, kutoka pembe hadi pembe. Nilikaa pale nikisubiri, nikaibonyeza meza kwa nguvu, lakini sikuhisi chochote. Kwa masikio yangu nilisikia mwiko ukigonga ukuta, na viganja vyangu havikujua. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tena.

Aliporudi alisimama mbele yangu ili nisikwepe macho yake.

"Dukani nilisema nini?"

"Ulisema ile ndogo."

"Na wewe ulimwambia nini?"

Sikio la kufa halisikii dawa, na katika nyumba ile sikio lililokufa lilikuwa langu.

Hakulia wala hakunitukana. Alichukua bisibisi kutoka mfukoni mwangu, akaifungua kadi, akaitia ndani ya kavera nyeusi ya plastiki, akapanda boda kwenda Kisenyi peke yake. Nilitaka kumfuata. Akanionyesha kiti.

Baadaye Abdunoor alinieleza walivyozungumza saa nzima kwa kalamu juu ya boksi la karatasi. "Sebo, huyo dada yako ana maneno mingi! Wewe unaulizaga matundu ngapi. Yeye ameuliza, skrini ngapi inawaka pamoja?" Ni swali la kifundi kabisa, maana kadi nyingi za zamani zina matundu matatu ya kuchomekea skrini lakini huwasha skrini mbili tu, ya tatu inabaki giza. Mimi nimeliwa hivyo mara nyingi kuliko ninavyokubali. Lailah alirudi na kadi fupi iliyotolewa kwenye kompyuta za benki, yenye matundu manne, isiyo na feni, ina vipande vya alumini tu vya kupoza moto. Aliifunga mwenyewe. Mimi nilishika tochi. Mfuniko uliotoka uvunguni ulirudi mahali pake, skrini tatu zikawaka, na meza ikatulia.

Asubuhi ya mtihani nilisimama mlangoni mwa chumba chake kama nilivyosimama maisha yangu yote, tayari. Goretti alikuwa amejaa kwenye skrini ya kushoto, mikono yake mikubwa na safi. Lailah akageuka. "Toka," akasema. "Funga mlango."

Nikaenda kukaa na mama. Sauti ndogo ya Goretti, aliyekuwa akiwatafsiria wasahihishaji mikono ya Lailah, ilipita chini ya mlango bila maneno kueleweka.

"Anasema nini huko?" mama akauliza.

"Sijui, mama."

Alinishangaa. Nadhani alikuwa hajawahi kunisikia nikijibu hivyo.

Lailah alifaulu, niseme hilo mapema. Matokeo yalikuja baada ya wiki tatu. Lakini hatukulijua siku ile. Lailah alitoka chumbani jasho likimtiririka, akaja moja kwa moja kitandani kwa mama. Akaniambia nisogee karibu. Akaanza kusema polepole, akisubiri nimalize kila sentensi kabla hajaendelea.

Nami nikaitafsiri kama ilivyokuja, bila kupunguza. "Anasema hakuacha kukujibu kwa kupenda. Anasema mashine ilikuwa inatetemesha meza, na mwiko wako haukumfikia. Anasema dukani alichagua nyingine, isiyotetema." Lailah alingoja. "Anasema mimi nilimwambia mwenye duka maneno mengine. Anasema hata juzi ulipomlaumu, sikumwambia."

Mama hakunitazama hata mara moja. Alikuwa akiitazama mikono ya Lailah, ambayo sasa ilikuwa imetulia.

"Hamim," akasema, "hawa watu wanasemaje 'nisamehe'?"

Niliinua mkono kumwonyesha.

"Sio wewe," mama akasema. "Simama. Mwambie akae hapo kwa kiti, anifundishe yeye."