Deni Lililolipwa Lote

...shilingi mia nane na sitini, nimesema, si mia nane, si karibu mia tisa, mia nane na sitini, na nimesema kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya mto Tarach, mbele ya mke wake, mbele ya wazee wawili waliokuja kuongea habari za mvua, nimemwita mwizi, Lopeyok, nimemwambia mtu aliyekula unga wa mwenzake mwaka mzima kisha akahamisha boma lake mbali na barabara ni mwizi tu, hata akitembea na mkuki na unyoya kichwani, na yeye aliinuka tu kwenye kile kigoda chake cha kukalia mchana na kulazia kichwa usiku, akainama, akaingia ndani ya kibanda, akatoka na kopo la mafuta ya kupikia, akalipindua juu ya ngozi ya ng'ombe iliyo kati yetu, na pesa zikaanguka, noti zimekunjwakunjwa kama majani ya tumbaku, na sasa anasema, hesabu, Elija, wewe najua kusoma, mimi hapana soma, hesabu yote, chukua, halafu mimi na wewe nakwisha... nakwisha, anasema, na hakuna hasira usoni mwake, laiti ingekuwepo, hasira mimi naijua, hasira ni nyumbani kwangu, nimekuja nayo kutoka Lodwar juu ya lori la misheni, nimekaa juu ya magunia nikifanya mazoezi ya ugomvi, akisema hivi nitajibu hivi, akisema hana nitamshika ng'ombe, akisema kesho nitalala hapa hapa mlangoni mpaka kesho yake, kila kitu nilikipanga isipokuwa hiki, mtu kulipa, yote, papo hapo, na mkono wangu umeshanyooka nusu njia na hautaki kufika wala kurudi.

Chukua, anasema, na mkewe Nakiru, ambaye hata ejok, salamu yangu ya asubuhi, aliipokea bila kugeuza shingo kwa uzito wa zile shanga, anasema kwa upande, kama anamwambia mbuzi, ile dume ya kengele, yeye nauzia mchinjaji juzi, alisikia wewe natafuta yeye sokoni Lodwar... dume wa kengele, yule ng'ombe mwekundu, nimemwona mimi, pembe moja imepindwa mbele na nyingine nyuma, Lopeyok alizipinda mwenyewe dume akiwa ndama, kidogo kidogo, kwa kamba na jiwe, na usiku wa ngoma alikuwa akiinua mikono kuigiza zile pembe na kuimba, vijana wote wakimwita kwa jina la yule dume badala ya jina lake, na sasa dume ameshaliwa kwa supu pale centa, na mimi nimekula supu pale centa jana jioni, nilishuka kwenye lori na njaa nikaagiza supu na chapati nikalipa nikapewa chenji, Mungu wangu, inaweza kuwa yeye, usiulize, Elijah, usiulize.

Mzee mmoja, mwenye jicho moja, ananyoosha kiganja, wewe naita watu mwizi, sawa, hiyo ni maneno yenu, lakini tumbaku iko? na mimi bila kufikiri nasema iko, natoa pakiti mfukoni, namegea kidogo, anaangalia kile kidogo, anaangalia pakiti, hii ni ya mimi, anasema, na ya huyu? akimwonyesha mwenzake, namegea tena, na ya kesho? na wanacheka, hata Nakiru nusu anacheka, na hasira inanipanda tena, watu wa kuombaomba hawa, hawaoni aibu, miaka sita nimekaa nao na bado mwili unanisisimka mtu mzima anaponiambia nipe shati lako, nipe saa yako, nipe hiyo soksi moja, kwetu mtu anaomba akiwa amefunga mlango na kuzima taa, baba yangu alikufa na jino bovu kwa sababu hakutaka kumwomba shemeji yake nauli ya kwenda kuling'oa, ndivyo nilivyolelewa, kilichoingia mkononi mwangu nimekilipia, na kusoma kwenyewe nilijisomea, magazeti ya kufungia sukari, hakuna mwalimu anayenidai hata shukrani, na pale Lodwar waliniita Bwana Keshi, kwa dhihaka labda, mimi nilivaa jina hilo kama koti jipya, Bwana Keshi hadai wala hadaiwi, mizani yangu haikuwa na jiwe chini, kilo ilikuwa kilo, na nani alikufa njaa kati yetu wote wenye maduka, nani alifunga, si wale wezi wa mizani, ni mimi.

Chukua, anasema mara ya tatu, jua namaliza wewe... na kweli jua liko utosini na jasho linaniingia machoni, afadhali, likitoka lolote jingine litafikiriwa ni jasho, na akili yangu, tazama akili yangu ilivyo mbwa, imeshahesabu, bila kugusa noti hata moja, gunia la sukari, magunia mawili ya unga, katoni ya sabuni, nifungue tena dirisha moja tu kwanza, nimtoe Bilha pale Nawoitorong kando ya njia anapouza chai, mke wangu, aliyekuwa akikaa nyuma ya kaunta na sweta ya kijani, sasa watu wale wale waliomwita mama Bilha, shikamoo, wanapiga kikombe kwa kijiko, mama chai, ongeza, na mimi niko wapi wakati huo, mimi niko nyuma ya kibanda natengeneza jiko, jiko gani lisilopona, kila afisa akija na kaptura yake jiko linaharibika, na Bilha anajua, hajasema, anasema tu Elijah bado anatengeneza jiko, na wateja wanasema pole. Mia nane na sitini zingemtoa pale. Na zikiisha? Wiki tatu, mwezi, halafu? Nani atakuja dukani kwangu, nani atanisubiri nikichelewa, nani atasema tusinunue kwa wale, tumsubiri Elijah... halafu inakuja Kalemng'orok, kila nikifunga macho inakuja Kalemng'orok, mbuzi mia na ishirini niliowanunua kwa pesa zote za duka na za nyumbani, tumefika Kainuk tukaambiwa kizuizi kimefungwa, karantini, mbuzi wana ugonjwa wa mapafu, hakuna mbuzi kwenda Kitale, wiki ngapi? hatujui, rudini nyuma mkangoje, nikarudi nao Kalemng'orok, na pale maji yako chini ya mchanga, kila kisima kimechimbwa kwa mkono na kina mwenyewe, siku ya kwanza nililipa, mwenye kisima akapokea, siku ya pili akapandisha, nikalipa, siku ya tatu akaangalia noti akaniambia kwa upole kabisa, hii pesa mbuzi yangu hapana kunywa, na nikapiga kelele, nikasema nitaongeza, kana kwamba yeye ni kiziwi, kana kwamba kijiji kizima cha watu wenye kiu kilikuwa kinangoja bei nzuri, na nikakaa pale na mfuko wa pesa kiunoni nikiwaangalia wakianguka, wawili asubuhi, watano jioni, ngozi hata kuchuna nilichoka.

Na Kipkemboi, Mungu anisamehe nilivyomcheka Kipkemboi, mfanyabiashara mwenzangu, kizuizi kile kile, siku ile ile, mbuzi wengi kuliko wangu, mtu asiye na hesabu, nilimwambia siku moja kwenye hoteli, Kipkemboi, wewe unadaiwa na kila mtu kutoka hapa mpaka Lokichar na wewe unamdai kila mtu kutoka hapa mpaka Lokichar, hiyo ni biashara au ni ukoo? akacheka akanywa chai yangu akasema nitakulipa, hakulipa, na pale Kalemng'orok alikaa siku mbili tu, akaenda boma hili akaacha mbuzi kumi, boma lile kumi na tano, huyu namdai dume jike atanitunzia hawa, huyu ananidai gunia hataki nife kabla sijamlipa, siku ya tatu alikuwa hana mbuzi hata mmoja mkononi, amepanda lori, amekwenda kulala kwake, na kizuizi kilipofunguliwa mwezi uliopita alipita tu akiwaokota, mmoja mmoja, wengine wana watoto ubavuni. Nikasema ana bahati. Nikamwambia Bilha, bahati ya mlevi. Bilha akamimina chai.

Dume jike, nimesema nini, fahali, mbuzi jike, jua hili... Elija, anasema Lopeyok, sasa kwa sauti ya chini, wewe nagonjwa? na anamwambia Nakiru kitu, na Nakiru anaingia ndani, na mimi nasema sijambo, niko sawa, nahesabu, na sihesabu, ninakitazama kidole gumba chake kilicholala juu ya goti, kwa sababu nimekikumbuka, nilikipaka wino mimi mwenyewe, kidole hiki, mwaka ule mtoto wetu wa pili alipozaliwa na Bilha akashikwa na malaria maziwa yakakauka, na nani alimwambia sijui, lakini asubuhi moja Lopeyok alisimama nyuma ya duka, mlango wa uani, mlango wa watu wa nyumbani, vumbi mpaka magotini, ametembea kutoka huku Kakuma na mbuzi mmoja wa maziwa, mweupe, kiwele kama kibuyu, akasema hii ya mtoto, na mimi nikafurahi, nilifurahi sana, nikasema bei gani? Akanisogezea kamba ya mbuzi. Nikasema sema bei, rafiki, kwangu hakiingii kitu bure. Akasema, wewe nauliza mimi bei? na nikaona ni haya, mtu wa watu, haya inamzuia, nikafungua droo, nikahesabu thelathini na tano, bei ya juu, juu kuliko soko, nikamtia mkononi nikamfunga vidole, na si hivyo tu, nikaandika risiti, nikamshika kidole gumba nikakipaka wino nikakibandika karatasini, tumemalizana, nikamwambia, kwa fahari, nikimpigapiga bega, tumemalizana, Lopeyok, hunidai sikudai. Akakitazama kidole. Akakipangusia kwenye mwimo wa mlango. Jioni Bilha akauliza, umefanya nini na Lopeyok? Nikasema nimemlipa. Akasema, ndiyo, nimeona. Na kuanzia siku hiyo alikuja kwa mlango wa mbele, akasimama kwenye kaunta na wateja, akangoja zamu, na nilipomkopesha unga wakati wa ukame, yeye peke yake, aliuchukua kama mtu anayechukua kwa Mhindi, bila kunitania, bila kuniomba hata kiberiti, na mimi nikasema kimoyomoyo, sasa amestaarabika, sasa ananiheshimu.

Mimi na wewe nakwisha. Yale maneno ni yangu, amenirudishia kwa Kiswahili chake, si kwa kisasi, mtu huyu hana kisasi, ameamini tu kwamba ndivyo mimi ninavyotaka, kwamba huyu mtu wa bara akikulipa amekupa heshima yake ya mwisho na wewe mlipe hivyo hivyo, umpe anachokipenda, hata kama ni dume wako wa kengele, na mwizi nimemwita, mbele ya mkewe, mtu aliyeuza jina lake kwa mchinjaji kabla sijapanda lori... na nikizichukua hizi noti nitashuka kwenda barabarani nikiwa nimelipwa yote, hakuna mtu Kakuma nzima anayenidai, hakuna ninayemdai, nitakuwa safi kama nilivyokuwa Kalemng'orok, safi, na mfuko kiunoni. Nataka kusema nisamehe na mdomo haulijui neno hilo, haujawahi kulifanyia kazi, unajua kudai tu, na Nakiru ametoka na kibuyu cha maziwa yenye harufu ya moshi, ananisukumia, kunywa, na nakunywa, na hakuna aliyetaja bei, na mzee wa jicho moja anasema ile pakiti nirushie, tutakutunzia, na ninairusha, pakiti yote, na wala hatanishukuru, anaitia kwenye nguo yake kama kitu alichokiweka kwangu akakisahau, na ajabu ni kwamba mwili haukusisimka, kwa sababu hakuniomba kama ombaomba, ameniomba kama mtu wa hapa, na nikikaa hapa mpaka jioni ni mimi nitakayemwambia nipe, nitaona haya, haya itaniua, lakini nitasema.

Hesabu, anasema Lopeyok, na noti ziko pale pale juu ya ngozi, moja upepo umeigeuza, hakuna aliyeigusa, nikiziacha atanunua mtamba kwazo, mtamba mzuri, na kizuizi kiko wazi, na njia ya Kitale ina boma kila upande, na mimi sina hata mtu mmoja ninayeweza kulala kwake, ninaanza na hili, naogopa, sauti yangu inatoka mbovu, kavu, ya mtu anayegombana bado, wazee wanainua vichwa wakidhani naanza tena. Sitaki shilingi zako, nasema. Nakudai mbuzi. Leo nipe jike kumi, watano wakae kwako mpaka nirudi, na deni lililobaki nitakuja kukudai, na ukinikosa njoo unidai wewe, kwa mlango wa nyuma. Kumi, Lopeyok. Nipe.